Ndoo mbili za maji: kisa cha familia ya wamisionari katika mtaa mmoja wa Dodoma

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya watu wa aina yangu: waumini wa kawaida ambao kanisa huwapa kazi ya kupokea wamisionari wapya, kuwatafutia nyumba, kuwapeleka sokoni, na kuwaeleza kwamba mtu akisema "nakuja" huenda ndiyo kwanza anaondoka. Majina yameondolewa, pamoja na mtaa, dhehebu na nchi walikotoka wageni. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Familia yenyewe na majirani wawili wanaotajwa sana walisomewa maandishi haya kabla, na mmoja wao, Bibi, alinirekebisha sehemu mbili.

Usuli

Walikuwa wanne: Baba T, Mama T, binti yao T aliyekuwa na miaka saba, na mdogo wake ambaye hajaanza shule. Walitoka Ulaya. Kiswahili walikuwa wamekisoma miezi minne, na walikisema vizuri kuliko wengi niliowahi kuwapokea. Ngeli ziliwapiga chenga, lakini shikamoo walijua inakwenda kwa nani. Kazi yao rasmi ilikuwa kufundisha katika chuo cha kanisa. Kazi nyingine, ambayo wao waliiona ndiyo yenyewe, ilikuwa kujenga urafiki na majirani kwa njia ya ukarimu. Barua yao ya utambulisho ilisema hivyo hivyo, na mimi nilipoisoma nilifurahi. Nilidhani hapo hapana la kuwafundisha, maana ukarimu si ndiyo sifa yetu?

Mtaa wenyewe ni wa pembezoni mwa jiji. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini mitaa kama huu ilijaa baada ya 2016, watumishi wa wizara walipoanza kuhama kwelikweli kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo upande mmoja wa barabara ya vumbi kuna nyumba za ukuta na geti, na upande wa pili kuna familia za Kigogo zilizokuwapo kabla ya viwanja kupimwa, bado zina kijishamba cha uwele na zizi la mbuzi. Katikati kuna Warangi wa kutoka Kondoa, wengi wao Waislamu, wenye maduka na genge. Nyumba niliyowatafutia wageni ilikuwa upande wa mageti. Nilifikiria usalama na tangi la maji. Hilo ni kosa langu la kwanza katika kisa hiki na halitakuwa la mwisho.

Majirani wawili ndio watakaosikika sana. Bibi ni mjane wa Kigogo, Mkristo tangu utotoni, mwenye ulimi mfupi na macho marefu. Wamisionari kwake si jambo jipya. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari la Uingereza, walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870, Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanza mwaka 1927, na Bibi mwenyewe ujanani alitibiwa na wazungu katika hospitali ya misheni ya Mvumi. Nilipokwenda kumwambia anapata majirani wageni alijibu, "Wazungu nawajua. Wanakuja, wanafanya kazi, wanaondoka. Wazuri." Nilisikia "wazuri" tu. Wa pili ni Mama S, Mrangi, Mwislamu, mwenye genge la mboga na mkaa kwenye kona.

Yaliyotokea

*Chakula cha jioni.* Wiki ya tatu, Mama T aliandika kadi kwa mkono wake na kualika familia tano, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu jioni. Alipika tambi kwa nyama ya kusaga siku nzima. Saa kumi na mbili na nusu hakuna aliyefika. Saa mbili kasoro walianza kuingia, mmoja mmoja, wamevaa nguo za kanisani. Kengele ya geti hakuna aliyeigusa. Walisimama nje wakapiga hodi, na kwa kuwa ndani hakusikiki, walisimama sana.

Chakula kilikuja kimeshapakuliwa, kila mtu na sahani yake, kiasi kile kile kwa mzee na mtoto. Watu walikula kimya. Mwanamke mmoja alisema ameshiba kabla hajafika nusu, na hakuna aliyembembeleza aonje tena, kwa sababu Mama T alimwamini. Mama S alikula tambi za pembeni. Mtoto wake alimvuta kanga na kuuliza, kwa ile sauti ya watoto wanayodhani ni ndogo, "Mama, hii nani kachinja?" Nyama ilikuwa imenunuliwa bucha ya kawaida ya mjini, ambako machinjoni mchinjaji ni Mwislamu, hivyo haikuwa na shida yoyote. Ila mwenyeji hakujua kwamba swali hilo lipo, na mgeni hawezi kuliuliza mezani.

Saa tatu wageni waliaga wote kwa pamoja. Baba T aliwashukuru, akafunga mlango. Hakumsindikiza mtu hata hadi getini. Mlinzi ndiye aliyewafungulia. Kila familia ilisema "karibuni na kwetu." Wenyeji walilichukua kama neno la adabu tu, kama mtu anavyosema siku njema. Walirudia karamu hiyo mara tatu katika miezi minne. Ya tatu walikuja watu wawili.

*Ndoo mbili.* Mwezi wa kumi maji yalikatika siku tisa. Mwenye kuishi Dodoma hahitaji kuelezwa: mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kufikia Oktoba hata visima vinachungulia. Tangi lao lilikauka siku ya saba. Bibi alikuwa na pipa. Alimtuma mjukuu wake na ndoo mbili za lita 20, jioni, bila kuombwa.

Baba T aliguswa sana. Aliguswa hivi kwamba ndani ya nusu saa alimpa dada wa kazi shilingi 2,000 azipeleke, pamoja na ndoo zilizosuguliwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa asante. Dada alirudi na noti zile zile. Bibi alikuwa amesema, "Mwambie siuzi maji." Baba T alihisi ni unyenyekevu wa kimaskini, akaziweka kwenye bahasha na kumpa tena Jumapili kanisani. Safari hiyo Bibi alizipokea, mbele za watu hangekataa. Kwa wiki tatu zilizofuata hakuvuka barabara kuja upande ule.

Jambo kama hilo lilitokea kwa Mama S pia, kwa sura ya kuchekesha zaidi. Mwezi wa Ramadhani alipeleka bakuli la magimbi ya nazi kwa futari. Bakuli lilirudi kesho yake limeoshwa likang'aa, tupu, na ndani yake kadi yenye ua. Mama S alinionyesha ile kadi gengeni. "Hii nifanyie nini sasa?" Tulicheka, lakini bakuli hakulipeleka tena.

*Bahasha.* Baba wa mjumbe alifariki. Wageni walifika msibani siku ya pili, wakiwa na haraka kidogo kwa sababu Baba T alikuwa na kipindi chuoni. Chini ya turubai, kijana alikuwa na daftari la rambirambi: jina, kiasi, na kama si fedha basi kuni, unga, sukari. Watu wameandika 2,000, 5,000, debe la unga. Baba T alitoa bahasha ya 100,000, akasimama dakika kumi, akaenda. Jioni daftari liliposomwa kwa sauti, kama kawaida, msomaji alisita kwenye jina lile. Mzee mmoja aliniuliza baadaye, bila hasira: "Huyu mgeni akifiwa, mimi nitaandika nini?"

*Picha.* Hili ndilo lililovunja. Mama T aliandikia makanisa ya kwao barua ya maombi kila mwezi. Katika barua moja aliweka picha ya Bibi jikoni kwake, mafiga matatu, moshi, sufuria nyeusi, na chini yake maelezo kwamba jirani huyu anaishi katika umaskini mkubwa ila tabasamu lake halikauki, tumwombee. Barua iliwekwa mtandaoni. Mjukuu wa Bibi, mwanafunzi wa chuo kikuu, aliiona, akaitafsiri kwa simu na kumsomea.

Bibi alikuja kwangu, hakwenda kwao. Alikaa, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Jikoni kwangu walikaa. Hawakusema ni maskini."

Uamuzi, na sababu zake

Nilikuwa na njia mbili. Moja ni kuwaita wageni pembeni, kuwaeleza, kuwafanya waombe radhi, mambo yaishe. Nyingine ni kuwapeleka kwa Bibi wakayasikie wenyewe. Nilichagua ya pili, na niseme wazi sikuchagua kwa hekima. Nilikuwa nimechoka kuwa mkalimani wa kila kitu. Tulikaa kwenye mkeka wa Bibi: yeye, mjukuu, Baba T na Mama T, mimi, na Mama S, ambaye Bibi alimwita kwa sababu, alisema, "na yeye ana lake."

Bibi aliuliza swali moja. Je, mnatutembelea kwa sababu mnatupenda, au kuna mahali mnaandika? Mama T alilia. Baba T alijibu ukweli, na namheshimu kwa hilo: "Yote mawili, Bibi. Tunawapenda, na tunaandika. Wanaotutuma wanataka kujua." Bibi alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakijua.

Picha iliondolewa siku hiyo hiyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo mjukuu aliikumbusha, ila hapo mkekani haikuhitajika, aibu ilitosha. Mama T aliamua kwamba barua yoyote itakayomtaja jirani itasomwa kwanza kwa jirani huyo, kwa Kiswahili. Nilimtahadharisha kwamba barua zake zitapungua utamu. Alisema na zipungue.

Karamu za Jumamosi zilisitishwa. Hili lilimuuma Mama T kuliko yote, kwa kuwa kupika kwa ajili ya watu ndiyo lugha aliyolelewa nayo. Badala yake viti viwili na benchi viliwekwa nje ya geti, chini ya mwarobaini, na kila jioni kuanzia saa kumi mmoja wao alikaa pale. Asipike kitu. Anayepita akisalimu, asalimiwe; akikaa, kuna chai ya chupa. Wazo lilikuwa la Mama S, aliyesema geti la chuma haliwezi kukaribisha mtu hata uliandike karibu kwa maandishi ya dhahabu.

Na la mwisho, lililobishaniwa sana: wasilipe. Mtu akiwapa kitu, wakae nacho. Chombo kisirudi siku hiyo, na kikirudi kisirudi kitupu, ila kisirudi pia na kitu kikubwa kuliko kilichokuja. Baba T hakuelewa. Kwao, alisema, mtu mwenye uwezo kukaa na deni la asiye na uwezo ni dhuluma. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu zuri wakati ule. Nilimwambia ajaribu miezi sita.

Matokeo

Benchi lilifanya kazi polepole, na kwanza kwa wasiotarajiwa: watoto, dereva bodaboda wawili, mzee mmoja wa Kigogo anayepiga zeze na asiyependa sana maneno. Wanawake walichelewa. Kilichowaleta ni kuku. Mama T alinunua kuku wa kienyeji, akafika gengeni amemshika miguu, kichwa chini, anahangaika naye, akamwomba Mama S mwanawe amchinjie. Kwa ombi moja hilo lile swali la mtoto mezani likawa limejibiwa mtaa mzima. Tangu hapo kuku wote wa nyumba ile walichinjwa kwa Mama S, na kila mara T alirudi na kitu mfukoni, pipi au ubuyu.

Kwa Bibi ilichukua miezi. Siku moja alimwita Mama T apite, akamkuta na ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Mlenda ni mtihani. Unachovya tonge, unalinyanyua, na uzi unakufuata kutoka bakulini hadi kidevuni. Mama T alifuatwa na uzi huo hadi kwenye kola ya blauzi. Bibi alimwangalia mara mbili akihangaika, kisha akamshika kiganja kama anavyoshikwa mtoto anayefundishwa kuandika: chovya, zungusha, kata kwa ukingo wa bakuli, haraka, mdomoni. Mara ya tano alifanikiwa. Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akamwita mwanangu. Mama T aliniambia siku hiyo hakuandika kitu popote.

Mwaka uliofuata mama yake Baba T alifariki Ulaya, na nauli ya ghafla ya kwenda wote wanne haikuwapo, akaenda peke yake. Mama T alidhani atakaa na watoto kimya kimya. Saa moja asubuhi Bibi alikuwa getini na mkeka. Mama S alifuata na mkaa. Kufikia mchana wanawake kumi na zaidi walikuwa wamekaa sebuleni chini, viti vimesukumwa ukutani, na usiku wanne kati yao walilala pale pale. Mjumbe alifungua daftari. Yule mzee aliyeniuliza ataandika nini aliandika 3,000.

Kuhusu imani, kwa kuwa msomaji atauliza: Mama S ni Mwislamu hadi leo, na Bibi alikuwa Mkristo kabla Mama T hajazaliwa. Wanaomba pamoja, Bibi na Mama T, Jumatano. Vijana wawili wa benchini walianza kuja kanisani, mmoja aliacha.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema wageni hawa hawakujua mila, na wangefundishwa orodha, yaani sindikiza mgeni, usirudishe bakuli tupu, kaa msibani, kila kitu kingekwenda sawa. Nilidhani hivyo mwanzoni na nusu ya lawama ni yangu kwa kutowapa orodha hiyo. Lakini makosa yao, ukiyapanga, yana mzizi mmoja. Walikuwa wepesi mno wa kulipa. Shilingi 2,000 ndani ya nusu saa, kadi ndani ya bakuli, 100,000 kwa dakika kumi, na hata karamu zenyewe: chakula ambacho mama wa upande wa pili hawezi kukirudisha, hivyo hesabu inafungwa palepale. Kila walipoguswa walihakikisha hawabaki na deni.

Jibu ambalo sikuwa nalo mkekani nilikuja kulipata kwenye historia ya hapa hapa. Njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa mpita njia, kwa njia na zaidi kwa maji. Msafara ulitoa vitambaa, ukanywesha, ukapita. Hakuna aliyemlaumu mpita njia kwa kulipa. Ndivyo inavyompasa, kwa kuwa kesho hayupo. Jirani ndiye hatozwi. Bibi aliposema hauzi maji alikuwa anamwambia Baba T kwamba amemhesabu kama mkazi, naye Baba T kwa wema wake wote akalipa hongo. Na ile kauli yake ya kwanza kwangu, wanakuja, wanafanya kazi, wanaondoka, ilikuwa inasema hivyo hivyo kabla sijaisikia.

Picha ni tawi la mti huo huo. Ukarimu wa Bibi jikoni uligeuzwa kitu cha kulipiwa mahali pengine, kwa maombi na michango ya watu asiowajua. Sisemi wamisionari wasiandike. Wanaishi kwa barua hizo na Baba T hakuwa na sababu ya kudanganya. Sharti la kumsomea jirani kwanza lilisaidia kwa namna ambayo hatukuitegemea: Bibi alianza kuongeza mambo. Kuna barua moja ambayo nusu yake ni yeye akieleza kwa nini uwele unashinda mahindi mwaka wa mvua haba.

Kilichofanya kazi hasa, kwa maoni yangu, ni kuku. Benchi lilifungua mlango, ila kuku ndiye aliyeingiza watu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mgeni alihitaji kitu ambacho fedha yake haingekipata bila jirani. Ningewapokea wengine leo, ningewatafutia nyumba isiyo na tangi kubwa hivyo. Wenzangu kanisani wananicheka kwa hili, nami sijabadilisha mawazo.

Kilichoshindikana nacho kipo. Dada wa kazi na mlinzi walibaki pembeni muda wote; hakuna aliyewauliza kitu, na mimi ndiye niliyekaa nao karibu kuliko wote na sikuwauliza pia. Dada ndiye aliyebeba zile 2,000 kwenda na kurudi, na alijua kabla hajavuka barabara kwamba zitakataliwa. Nilipomuuliza baadaye mbona hakusema, alinijibu, "Nilitumwa."

Halafu ile kanuni ya kutolipa nayo ilikosewa kwa upande wa pili. Baba T, alipokwisha kuielewa, aliona deni ni jambo jema kila mahali, akamkopesha mmoja wa vijana wa benchini shilingi 400,000 za kutengeneza injini ya bodaboda. Deni la bakuli watu wawili wanaweza kulibeba miaka. Laki nne kijana hana namna ya kuzibeba hadharani. Hajalipa, na Baba T hajadai, akiamini kutodai ndiyo urafiki. Kijana huyo ndiye aliyeacha kanisa. Siku hizi abiria akimwambia ampeleke upande ule, hupita njia ya zizi la Bibi, nyuma ya nyumba, ili asipite chini ya mwarobaini.